Kichochoro cha Malkia Mary: mwongozo kamili wa kuitembelea njia ya miti ya kasri la Hampton Court

Wengi wanaokwenda Hampton Court huenda kwa ajili ya Henry VIII, mfalme wa Uingereza wa karne ya 16. Wanazunguka jikoni kwake, wanapiga picha ukumbini kwake, wanapotea kwa hiari yao kwenye mzingile wa ua wa miti, na ikifika saa kumi jioni, miguu imekwisha, ndipo mmoja anauliza: na ile njia ya miti iko wapi? Kwa kawaida wameshaipita. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliipita nikidhani ni ua uliokosa kupogolewa.

Tangu hapo nimewapeleka wageni wengi, wa kutoka nyumbani na wa hapa hapa London, na ratiba yangu naipindua: bustani kwanza, Henry baadaye. Mwongozo huu umeandikwa kwa mpango huo. Kama shida yako ni kuona vitanda vya wafalme, utaviona tu, havihami. Mwanga wa asubuhi ndani ya kichochoro haukungojei.

Ujue kwanza unakwenda kuona nini

Kasri liko ukingoni mwa mto Thames, kusini-magharibi mwa London. Kardinali Thomas Wolsey alilikodi eneo hilo mwaka 1514 akajenga nyumba iliyompa Henry VIII wivu, na haikupita muda mrefu nyumba ikawa ya Henry. Miaka zaidi ya 150 baadaye, mwaka 1689, wakaja William III na mkewe Mary II, waliotawala pamoja. Walimpa kazi msanifu Christopher Wren, naye akabomoa sehemu kubwa ya nyumba ya Henry na kujenga upande mpya wa matofali mekundu na mawe meupe. Bustani unayoifuata wewe ni ya upande huo.

Mbele ya vyumba vya mfalme, kuelekea mtoni, kuna bustani ya faragha. Kwenye vibao imeandikwa Privy Garden. Upande wake wa magharibi kuna tuta refu la udongo, na juu ya tuta hilo kuna kichochoro cha miti kiitwacho Queen Mary's Bower. Miti imepandwa mistari miwili, ikafungwa kwenye kiunzi cha mbao, matawi yakakunjwa na kusukwa juu mpaka yakakutana. Ukiwa ndani una paa la majani, kuta za majani, na mwanga unaopenya kwa vipande. Ni kifupi. Ukitembea kama mtu anayewahi basi, unakimaliza kwa dakika 2. Ndiyo maana watu hukipita.

Mti wenyewe ni honibimu, kwa jina la kitaalamu Carpinus betulus. Kwetu haupo, kwa hiyo usihangaike kutafuta jina la Kiswahili. Majani yake yana mistari iliyopangika kama karatasi iliyokunjwa feni, na kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno. Ubao wake ni mgumu sana. Zamani ulichongwa meno ya magurudumu ya vinu. Lakini ukiwa mchanga haulalamiki ukipindwa, wala haununi ukipogolewa kila mwaka. Samaki mkunje angali mbichi, na honibimu vivyo hivyo.

Sasa, jambo ambalo mgeni hujua akishafika nyumbani na kuanza kusoma: jina ni la Mary, ila fikra si yake. Mwandishi wa shajara John Evelyn alifika hapa Juni 1662 akaandika kuhusu njia ya honibimu iliyojikunja kama susu la mtoto, akastaajabia namna matawi yalivyosukana. Mary alikuwa amezaliwa Aprili ya mwaka huohuo, mtoto wa wiki chache tu, na umalkia wake ulikuwa mbali miaka 27. Baadaye miti ikawa ya elmu, mti mwingine wa Ulaya. Wageni wa zama za Malkia Victoria, aliyelifungua kasri kwa umma mwaka 1838, walipita chini ya elmu. Leo imerudi honibimu.

Na hii ya leo si mizee. Mwaka 1986 moto uliunguza sehemu ya kusini ya kasri. Katika ukarabati uliofuata, wataalamu waliichimba bustani ya faragha iliyokuwa imefunikwa na vichaka vikubwa, wakakuta alama za vitanda vya maua vya zamani chini ya udongo, wakaipanda upya kama ilivyokuwa mwaka 1702. Ilifunguliwa mwaka 1995. Kwa hiyo shina unalolishika halikumwona Mary. Ni kama nyumba iliyoezekwa upya: nyumba ni ileile, makuti ni mapya. Nalisema mapema kwa sababu niliwahi kumwona baba mmoja akiwaambia wanawe kwamba kila mti pale una miaka 300, nao wakaugusa kwa heshima kama jiwe la kaburi.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, na usifuate ushauri wa kila mtu

Kila mtu atakwambia uende Juni. Juni ni nzuri: majani yamejaa, vitanda vya maua vinawaka, jua halizami mpaka usiku. Lakini Juni huoni usukaji. Kichochoro kinakuwa handaki la kijani, safi, na basi.

Mimi napenda mwezi Machi. Miti bado iko uchi, au imebaki na majani makavu ya kahawia, maana honibimu anayepogolewa hung'ang'ania majani yake yaliyokufa msimu wote wa baridi. Hapo ndipo unaona kazi ya mikono: tawi lililopita chini ya lingine, likafungwa, likapinda, likaota upande mwingine. Ukijua ukili unavyosukwa, utasimama hapo muda mrefu. Kasoro ya Machi ni baridi yenye unyevunyevu, na bustani yenyewe bado imelala.

Kwa anayetaka vyote viwili kwa pamoja, wiki za mwisho za Aprili zinafaa. Majani yanaanza kufunguka, kijani chake ni cha ndizi mbichi, na tulipu zimejaa kwenye vitanda na vyungu. Agosti siipendekezi: shule zimefungwa, watoto wamejaa, na ile miti mingine nitakayoitaja mbele huwa imechoka. Na kabla ya kuchagua siku ya mwanzo wa Julai, angalia kama mwaka huo kuna maonesho makubwa ya bustani kwenye viwanja vya kasri. Yakiwapo, kituo cha treni kinafurika.

Siku ya wiki ni bora kuliko Jumamosi. Ila misimu ya baridi kasri halifunguliwi kila siku ya wiki, kwa hiyo tazama kalenda yao kwenye tovuti kabla hujamwambia mtu achukue likizo.

Hatua ya pili: tiketi

Kasri haliendeshwi na familia ya kifalme wala halipati fedha za serikali. Linaendeshwa na taasisi ya Historic Royal Palaces, na tiketi ndiyo riziki yake. Si rahisi, hasa kwa familia. Tiketi moja inakuingiza kasrini, bustani rasmi pamoja na kichochoro, na kwenye mzingile. Nunua mtandaoni. Bei hubadilika kwa msimu, na siku yenye watu wengi ni ghali zaidi.

Mambo mawili ambayo ndugu zetu wengi hapa hawayajui. La kwanza: anayepokea Universal Credit au Pension Credit, yaani misaada ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wazee, ana haki ya tiketi ya pauni 1. Ndiyo, moja. Soma masharti, beba uthibitisho. Hakuna aibu, tiketi zimewekwa zitumike. La pili: kama mko wawili watu wazima na mnapanga kwenda pia Tower of London au kasri la Kensington mwaka huohuo, piga hesabu ya uanachama wa mwaka, maana makasri hayo yako chini ya taasisi hiyohiyo. Mara nyingi uanachama unashinda.

Na kama mfuko umekauka kabisa? Kichochoro chenyewe hutaingia, lakini kuna njia ya miguu ya bure kando ya Thames, iitwayo Barge Walk, inayopita nyuma ya bustani. Hapo pana uzio wa chuma wa paneli 12 uliofuliwa na Mfaransa Jean Tijou, na kupitia nakshi zake unaiona bustani ya faragha yote mpaka kwenye ukuta wa kasri. Miti ya nje, nitakayofika huko mwishoni, ni bure pia.

Hatua ya tatu: kufika, na kosa la jina

Panda treni kituo cha London Waterloo. Unaweza kuidaka pia Vauxhall, Clapham Junction au Wimbledon. Safari ni kama dakika 35 hadi 40 kutoka Waterloo, na kituo chako ndicho cha mwisho wa reli, hivyo hata ukisinzia utaamshwa. Ni kanda ya 6 ya nauli za London: kadi ya usafiri ya Oyster au kadi yako ya benki inatosha, gusa unapoingia na gusa unapotoka. Siku za kazi ukisafiri baada ya saa 3:30 asubuhi nauli inapungua.

Sasa sikiliza. Kituo chako kinaitwa Hampton Court. Kuna kituo kingine kinaitwa Hampton, na cha tatu Hampton Wick, na vyote viwili viko kwenye njia nyingine ya reli inayoanzia Waterloo hiyohiyo. Binamu yangu alishuka Hampton, akanipigia simu: "Mbona sioni kasri? Naona duka la dawa na kinyozi." Soma ubao neno kwa neno.

Ukitoka kituoni, mto uko mbele yako. Vuka daraja, na kasri liko mkono wako wa kulia. Kutoka kituoni mpaka geti ni kama dakika 5 hadi 10 kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka.

Anayetoka uwanja wa ndege wa Heathrow na mizigo midogo ana basi namba 111 linalokuja moja kwa moja. Kutoka Richmond kuna R68. Boti za mtoni zipo msimu wa joto, ni raha lakini polepole mno. Zipande kurudi, si kwenda. Gari binafsi silipendi hapa, maegesho ni madogo na ya kulipia.

Hatua ya nne: pita kasrini bila kusimama

Hapa ndipo pagumu, maana kila mlango utakuvuta. Lenga kufika geti likifunguliwa, kwa kawaida saa 4 asubuhi. Ingia kwa lango kuu la magharibi. Utapita nyua tatu zinazofuatana: Base Court, kubwa na ya matofali ya Wolsey, Clock Court, yenye saa ya falaki ya Henry, kisha Fountain Court, ambapo ghafla majengo yanabadilika na unajua umeingia zama za Wren. Nyanyua macho uitazame saa, kisha endelea. Utaikuta ukirudi.

Ukitokea upande wa mashariki, unakutana na uwanja mpana na miti ya kijani iliyokolea, mikubwa, iliyokatwa kama koni za sukari guru. Hiyo ni miyu, kwa Kiingereza yew, ya zama za William. Aliiacha ikiwa midogo na nadhifu, na karne zimeinenepesha. Usiielekee bado. Geuka kulia, fuata ukuta wa kasri mpaka kwenye pembe, na hapo utaona njia ya kuingilia bustani ya faragha.

Simama juu ya ngazi kwanza. Bustani iko chini yako, imenyooka kama mkeka: vitanda vya nyasi vilivyokatwa kwa michoro, changarawe, sanamu, na mwisho kabisa uzio wa Tijou na mto. Ipo chini kwa sababu mwaka 1701 William aliamuru ardhi ichimbwe na kushushwa, apate kuuona mto kutoka vyumbani mwake. Mary hakuiona kazi hiyo. Alikufa kwa ndui Desemba 1694, akiwa na miaka 32. Na William mwenyewe, bustani ilipokamilika mwaka 1702, farasi wake alijikwaa kwenye kichuguu cha fuko katika viwanja vya nyuma, akamwangusha akavunjika mtulinga, na mwezi Machi akafa. Bustani ya wawili, na hakuna kati yao aliyeifaidi.

Kichochoro unakiona mkono wa kulia, juu ya tuta: ukuta mrefu wa kijani.

Hatua ya tano: namna ya kupita kichochoroni

Jipe nusu saa. Najua nimesema ni dakika 2. Kipite mara tatu.

Mara ya kwanza, ingia uache macho yazoee. Ukitoka juani utaona giza tu, na wengi hapo hupiga picha mbovu wakaondoka. Hesabu mpaka 30. Polepole kiunzi kitajitokeza: nguzo, mbao zilizopindwa kwa juu kama kenchi, na matawi yaliyolala juu yake. Tembea katikati ukiangalia juu. Kichochoro kinakwenda toka upande wa kasri kuelekea mtoni, kwa hiyo asubuhi jua linakuja kutoka upande wa bustani na kulala sakafuni kwa vipande. Saa 4 na nusu mpaka saa 5 na nusu ndipo vipande hivyo ni vizuri zaidi. Mchana vinapotea, jioni vinakuja kwa upande wa pili, si vibaya lakini watu wanakuwa wengi.

Mara ya pili, angalia chini na pembeni. Tazama mashina yalivyokaribiana. Tafuta tawi moja, moja tu, ulifuate kwa macho toka shinani mpaka linapopotelea: utaona mahali lilipofungwa kwa kamba likiwa changa, kovu la mkasi, pindo, halafu chipukizi za mwaka huu zinazojaribu kukimbia kwenda juani. Kila mwaka chipukizi hizo hukatwa au kukunjwa ndani. Mtunza bustani akiacha miaka mitatu tu, paa linainuka, chini panabaki upara, na kichochoro kinageuka kuwa miti miwili miwili iliyosimama kwenye mstari. Hiyo ndiyo siri ya njia za miti za namna hii popote zilipo: kinachozihifadhi ni mkasi, miaka si kitu.

Kwa nini watu walijisumbua hivyo? Inasimuliwa kwamba Mary na mabibi wa baraza lake walikaa humu wakidarizi, na kwamba kivuli kililinda weupe wa ngozi zao. Mwanamke aliyechomwa na jua alionekana wa shambani. Udarizi wa Mary unajulikana, aliupenda kweli. Lakini nadhani kuna sababu nyingine rahisi. Mary alikaa Uholanzi miaka zaidi ya kumi, na kule kasri la Het Loo, karibu na Apeldoorn, lilitengenezewa bustani ya malkia yenye vichochoro vya miti vya namna hii hii. Alipoletwa kutawala Uingereza, alikuwa tayari mtu wa bustani za Kiholanzi. Ukiishi Uholanzi au Ujerumani na London ni mbali, nenda Het Loo. Vichochoro vyake navyo vimetengenezwa upya, na ni vingi zaidi.

Shangazi yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Mombasa, aliingia humu akanyamaza, kitu ambacho si desturi yake. Nikamuuliza, "Shangazi, umechoka?" Akasema, "Sijachoka mwanangu. Hawa watu wamejenga uvungu nje ya nyumba." Akakaa. Tulitoka baada ya robo saa.

Mara ya tatu usiingie. Shuka, kata bustani, panda tuta la upande wa pili, la mashariki, ugeuke. Hapo ndipo unakiona kichochoro chote kwa urefu wake, na unaelewa kazi yake katika bustani: ni ukuta mmoja unaopumua, kati ya bustani ya mfalme na vibustani vya madimbwi vilivyo nyuma yake.

Kwa picha: gusa kioo cha simu pale palipo na giza ili isikupe vivuli tupu, na msimamishe mtu wako theluthi ya njia, si mwishoni. Mtu mwenye nguo nyekundu au ya manjano humu ndani anapendeza. Shangazi alikuwa na leso ya kisutu na hakuna picha yangu iliyowahi kuishinda ile. Usiegemee matawi, usichume jani, usimwachie mtoto apande kiunzi.

Asiyeweza ngazi amwulize mfanyakazi yeyote wa bustani njia isiyo na ngazi. Ni watu wema, na wakijua umekuja kwa ajili ya miti badala ya Henry wanafurahi waziwazi.

Hatua ya sita: vya jirani

Ukitokea upande wa magharibi unakutana na vibustani vilivyo chini ya usawa wa ardhi, vilivyokuwa madimbwi ya samaki ya Henry. Hatua chache mbele kuna nyumba ya vioo yenye mzabibu mkubwa uliopandwa mwaka 1768 na mtaalamu wa bustani Capability Brown. Mti mmoja, nyumba nzima. Huu, tofauti na kichochoro, ni mzee kweli. Mwanzoni mwa Septemba zabibu zake huuzwa hapo kasrini, hazikai dukani.

Mzingile uko upande wa kaskazini. Ulipandwa karibu na mwaka 1700. Watoto wataupenda, wewe utaona watu wengi wanaogongana. Kwa wadogo kuna pia Magic Garden, uwanja wa michezo uliofunguliwa mwaka 2016, ambao hufungwa msimu wa baridi.

Chakula kipo cha kununua, lakini mimi hubeba: chapati za kukunja, mayai, chai kwenye chupa. Kula kwenye nyasi zinazoruhusiwa, kamwe si ndani ya bustani ya faragha. Anayefuata chakula halali na abebe chake, asihangaike.

Hatua ya saba: njia ndefu

Kichochoro kimekupa miti iliyokunjwa. Sasa nenda ukaone miti iliyoachwa ikue, ili uelewe tofauti.

Rudi upande wa mashariki, kwenye ile miyu minene. Mbele yake kuna mfereji mrefu ulionyooka, Long Water, uliochimbwa na Charles II miaka ya mwanzo ya 1660 alipomwoa Catherine wa Braganza wa Ureno. Pande zake mbili kuna mistari ya miti ambayo kwa Kiingereza huitwa lime. Tahadhari na tafsiri za simu: si mindimu. Shangazi alitafuta ndimu kwa dhati. Ni miti ya jamii ya Tilia, mikubwa, yenye majani ya umbo la moyo na maua yanayonukia Juni na Julai, na nyuki huimba ndani yake. Miti ya leo ilipandwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Eneo hili la nje ni Home Park, na kuingia ni bure. Ni kimya. Kama swala ya adhuhuri imekukuta, hapa ni mahali pa utulivu. Kibla kutoka London ni kusini-mashariki. Tulitandika leso chini ya mti, mpita njia mmoja mwenye mbwa akatupisha kwa mbali na kusalimia kwa kichwa.

Mwenye nguvu bado, avuke barabara kwa upande wa Lion Gate, kaskazini, aingie Bushy Park. Nayo ni bure. Mbele yake inafunguka barabara ya miti ya chestinati za farasi, urefu wa maili moja, iliyobuniwa na Wren na kupandwa mwaka 1699. Ilikusudiwa iwe njia ya kifahari ya kulifikia kasri kwa kaskazini. Upande mpya wa kasri uliokusudiwa kuipokea huko haukujengwa kamwe, kwa hiyo una barabara ya mfalme isiyofika mlangoni kwa mfalme. Katikati ya bwawa la duara amesimama mwanamke wa shaba iliyopakwa dhahabu, wanamwita Diana. Mtazame vizuri: kabla ya kuletwa hapa mwaka 1713 alisimama kwenye bustani ya faragha, palepale ulipokuwa asubuhi.

Chestinati huchanua katikati ya Mei, maua meupe yaliyosimama kama mishumaa, na Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Mei kuna sherehe yake, Chestnut Sunday. Ikifika Agosti majani yake huwa ya kahawia kama yaliyounguzwa, kwa sababu ya kiwavi mdogo anayeyatoboa kwa ndani. Ndiyo maana nilisema usije Agosti. Mbegu zake zinazong'aa zitaanguka Septemba na Oktoba. Watoto waokote wachezee, lakini haziliwi, zina sumu.

Humo wamo ayala karibu 300, wale wa Zaburi ya 42, wakizunguka huru. Kaa mita 50 mbali nao, usiwalishe. Mei mpaka Julai majike yana watoto, Septemba na Oktoba madume yanapigana na hayana utani. Wakipita njiani, ngoja wapite.

Ukiwa na mzee

Usifanye yote. Kichochoro, mzabibu, chai, na benchi moja kwenye Long Water vinatosha kwa siku. Kasri lenyewe lina ngazi nyingi na watu wengi. Bushy Park iwe safari nyingine, siku ya jua, bila tiketi.

Beba kizuizi cha upepo hata Juni. Mtoni hapo upepo huja ghafla. Viatu visivyoteleza, maana changarawe ikilowa ni kama punje za mahindi chini ya miguu. Na mwambie mzee mapema kwamba mtaanza na bustani. Shangazi alikuwa amejiandaa kwa Henry na wake zake sita, akanilaumu njia nzima tangu Wimbledon.

Kurudi, treni huondoka Hampton Court takriban kila nusu saa, na kwa kuwa ndipo inapoanzia, mara nyingi utaikuta imesimama, milango wazi. Gusa kadi, chagua kiti cha dirishani.